Makasha Kumi na Manne Juu ya Kabati

Kyebando, Jumapili mchana

Nekesa mwanangu,

Salamu sina za kukutumia, maana chai tumekunywa pamoja asubuhi hii na hali yangu umeiona mwenyewe. Wewe na mama yako mmekwenda Port Bell kumuaga shangazi yako, na najua hamtarudi kabla ya jioni, kwa sababu shangazi yako hajawahi kumaliza habari. Nimekaa kwenye benchi langu la kazi. Nimesukuma vumbi la mbao upande mmoja ili karatasi isichafuke. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, uisome leo leo, kabla ya basi la kesho.

Ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kanisa na ya wanaume, mama yako amekwisha kuyasema, na mengine ameyasema mara mbili. Mimi nitajibu swali moja tu, lile uliloniuliza leo nikalijibu kwa ukali.

Ulikuwa umepiga magoti mbele ya begi. Kasha la drili yako lilikuwa limekula nusu ya nafasi, viatu vimebaki sakafuni. Ukauliza, "Baba, hili kasha nilibebe ama nikuachie?" Nami nikasema, "Mtu mzima unaulizia plastiki?" nikatoka nje nikaubamiza mlango. Ulimtazama mama yako, naye akatazama pembeni. Nisamehe. Swali lako lilikuwa la kawaida, ila liligusa mahali pabaya.

Huko Gulu unakokwenda kufunga mitambo ya sola kuna mtu anaitwa Ocen. Unamkumbuka. Unamkumbuka kuwa ni mwizi, na mimi ndiye niliyekufanya umkumbuke hivyo. Ocen hakuiba kitu, Nekesa. Nimelijua hilo kwa miaka kumi na moja. Ni lazima ulijue nawe kabla hujapanda basi, hata kama baada ya hapo hutaniona tena kuwa yule baba uliyemzoea.

Nianzie kwenye makasha, maana ndiyo yaliyonifikisha huko.

Umekua ukiyaona juu ya kabati yamepangwa mpaka darini. Yako kumi na manne. Mengine mashine zake zilikufa kabla hujaanza shule. Mama yako amegombana nami kwa ajili ya makasha hayo kuliko kwa jambo lingine lolote katika ndoa yetu. Aliomba moja la kuwekea nyuzi, nikakataa. Aliomba moja la vifaranga, nikacheka, kumbe alikuwa hatanii. Na ukweli ni kwamba kasha lenyewe halina faida kubwa. Kile kitanda cha ndani kimechongwa kwa mashine moja tu, na waya ukishaukunjua siku ya kwanza hautarudi tena jinsi ulivyokuja. Unasukuma, unakalia kifuniko, komeo linavunjika. Fundi yeyote anayejua kazi atakuambia mashine inayotumika kila siku inakaa vizuri zaidi kwenye gunia.

Lakini hapa Kampala mafundi hatutupi kasha, na sababu unaijua. Ukienda kuuza mashine iliyotumika, neno la kwanza ni "Kasha yake iko wapi?" Namba iliyo ubavuni mwa mashine ndiyo iliyo kwenye karatasi ya kasha. Zikilingana, mashine ni yako. Huna kasha, basi umeiba. Wako watu wanaonunua makasha matupu kwa ajili hiyo tu. Mwenye kasha ndiye mwenye mashine, ndivyo tunavyosema, nami nilisema hivyo mara nyingi na kwa sauti kubwa, kwa sababu nilikuwa mtu wa makasha.

Nilipofika hapa kutoka Bungoma sikujua neno la Kiganda zaidi ya kusalimia. Kwenye karakana ya kwanza nilikaa siku tatu bila mtu wa kuzungumza naye. Siku ya nne jamaa mmoja mrefu akanisikia nikilaani randa kwa Kiswahili, akaacha msumeno wake akaja. "Wewe iko Mkenya?" akaniuliza. "Afadhali. Leo mimi napata mtu ya kuongea Kiswahili bila kupiga saluti." Huyo ndiye Ocen. Baba yake alikuwa askari, naye alizaliwa kambini, na huku Kiswahili ni lugha ya jeshi. Tulifanya kazi benchi moja miaka kumi na miwili. Ulipozaliwa, yeye ndiye aliyemkimbiza mama yako hospitali, mimi nilikuwa Entebbe nikipiga dari. Plagi yako ya kwanza ulifundishwa naye, si mimi. Ulikuwa na miaka minane, umekaa juu ya ndoo, ulimi nje, na yeye akikuambia, "Waya hapana haraka. Waya anajua mtu ya haraka."

Drili zetu tulizinunua siku moja, duka moja la Mhindi pale Old Kampala. Zilikuwa za aina moja, rangi moja, na namba zake zilifuatana: yangu iliishia na saba, yake na nane. Ocen mwenyewe alizaliwa pacha, basi akaziita pacha. Wiki haikuisha, kasha lake akampa mama yake awekee dawa zake za presha, na karatasi zote zikaenda humo humo. Nilimgombeza. Akanipigapiga begani. "Wanjala," akasema, "kasha hapana toboa mbao." Yake ikawa inalala kwenye gunia la mchele.

Sasa sikiliza kosa langu, na usilikimbilie. Mashine mbili zinazofanana, benchi moja, kila siku. Jioni mimi nachukua iliyo karibu naifungia kwenye kasha langu, yeye anachukua iliyobaki anaitia kwenye gunia. Namba sikuiangalia hata siku moja. Kwa nini niiangalie? Nilikuwa na kasha.

Kulikuwa na kazi ya makabati ya jikoni kwenye nyumba moja ng'ambo ya barabara kuu. Jumatatu nilifungua kasha langu asubuhi nikalikuta tupu. Nilitafuta chini ya benchi, nikatafuta kwenye vumbi la mbao, nikauliza kila mtu. Ocen alikuwa anatoboa upande wa pili. Sijui ni nini kilinituma. Nilimwomba drili yake, nikaigeuza, nikaona saba.

"Hii ni yangu," nikasema.

"Yako iko wapi?" Alidhani natania.

"Ndiyo hii. Angalia namba, angalia kasha."

Akaangalia. Nilimwona akifikiri, uso umekunjamana kama mtoto anayepiga hesabu. Kisha akasema neno ambalo kama ningelisikia sawasawa mambo yangeishia pale pale. Alisema, "Sawa. Hii ni yako. Basi yangu iko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilisikia ujanja tu. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa na ndugu, na hasira hiyo ina utamu wake, mwanangu, inakufanya ujione msafi. Nilikwenda polisi nikiwa nimekumbatia kasha langu. Askari aliisoma namba ya kwenye karatasi, akaisoma ya kwenye mashine, kidole kikifuata. "Mzee, namba iko sawasawa," akasema. Kisha akamgeukia Ocen, ambaye walikuwa wamemleta na drili. "Na wewe, kasha yako iko wapi? Hapana? Kwisha." Ocen alipelekwa rumande Luzira, nayo drili ikabaki polisi kuwa ushahidi.

Nilirudi nyumbani nikawaambia wewe na mama yako mezani kwamba anko Ocen ni mwizi. Ulilia. Ile tochi aliyokutengenezea kwa betri za zamani uliitupa chooni, na mimi sikukuzuia.

Siku tisa baadaye fundi wa mota alinirudishia grinda yangu, ile mashine ya kukatia chuma. Ilikuwa kwake mwezi mzima. Nikateremsha kasha la grinda kutoka juu ya kabati, kasha ambalo nilijua ni tupu, na lilikuwa zito. Nilijua kabla sijafungua. Mikono ilijua. Yote yakanirudia: ile Jumamosi mvua ilipotukuta tukikusanya vyombo, komeo la kasha langu limegoma, nikaliacha pale pale nikakimbia nyumbani na drili chini ya shati, nikaitia kwenye kasha la kwanza lililokuwa wazi nikaenda kubadilisha nguo. Jumapili tulikwenda kanisani. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nani atafute drili ndani ya kasha la grinda?

Niliigeuza. Iliishia na nane.

Kutoka tulipokuwa tunakaa mpaka kituo cha polisi ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, unapajua. Kama ningetoka mlangoni saa ile ile, leo ningekuwa nakusimulia kisa cha kuchekesha. Sikutoka. Niliketi kitandani na ile mashine mapajani. Niliogopa kwamba watanifunga mimi kwa kusingizia mtu. Nilijiambia mimi ni mgeni nchi hii, nina mtoto wa shule, nani atawalisha? Hiyo ndiyo hofu niliyojisingizia. Hofu yenyewe ilikuwa ndogo na ya aibu zaidi. Nilikuwa nimesema maneno mengi mno kwenye karakana, kanisani, kwa majirani, na sikutaka kuonekana mjinga.

Nilikaa siku kumi na saba. Kila siku nilisema kesho. Kosa likikaa linaota mizizi, Nekesa. Siku ya kwanza ningehitaji kusema "nilisahau" tu. Siku ya kumi ilibidi nieleze na hizo siku nyingine tisa. Siku ya kumi na nne mama yake Ocen akafariki kijijini. Alizikwa mwanawe akiwa ndani.

Ndipo nikaenda. Lakini usinisifu, ngoja uone nilivyokwenda. Sikusema nimeipata drili. Nilimwambia askari, "Nimemsamehe. Amefiwa. Naondoa kesi." Unaona? Nilimsamehe mtu niliyemkosea. Alitoka akiwa mwizi aliyesamehewa, na hiyo katika mji huu ni mbaya kuliko mwizi aliyefungwa, maana hana hata kesi ya kushinda. Jumapili iliyofuata mchungaji alinisimamisha mbele ya watu kuwa mfano wa moyo wa msamaha. Walinipigia makofi. Wewe ulikuwa umevaa lile gauni la njano, ulipiga makofi kuliko wote.

Linalofuata unalikumbuka, ila hujui nusu yake. Ocen alikuja nyumbani Jumatano, mchana. Wakati huo tulikuwa tunapanga vile vyumba viwili vya mstari, mlango unafunguka moja kwa moja uani. Ulikuwa kizingitini unaosha sufuria. Mimi nilikuwa ndani. Drili yake ilikuwa juu ya meza mbele yangu, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kuitoa kila siku na kuitazama, nisijue nataka nini.

Alikuwa amekonda, shati linaning'inia. Akasema taratibu, "Nekesa, baba iko? Mimi nataka kuuliza neno moja tu."

Nawe ukasimama na sufuria mkononi ukapiga kelele, "Mubbi! Mubbi!"

Sina haja ya kukuambia neno hilo la mwizi hufanya nini likipigwa mchana katika uwanja wa nyumba za kupanga. Milango ilifunguka yote. Niliwasikia watu wakitoka, nikasikia mtu akiokota tofali. Ocen hakukimbia, alijua anayekimbia ndiye anayeuawa. Aligeuka akaondoka kwa mwendo wa kawaida, mikono wazi pande zote mbili ili waone hana kitu, mpaka akakata kona. Na mimi nilikuwa nimekaa. Neno moja tu lingetosha. Sikulitoa.

Uliingia ndani unahema, ukanitazama ili nikusifu. Nikakuwekea mkono kichwani.

Katika mabaya yote, huo mkono ndio unaoniamsha. Ocen nilimkosea nikiwa na hasira, kisha nikiwa na hofu. Wewe nilikukosea nimetulia kabisa. Ulikuwa na miaka kumi na moja, nilikutwisha dhambi yangu kichwani nikaiita ujasiri. Hukufanya kosa lolote siku ile, Nekesa. Ulisema ulichofundishwa. Nataka uisome sentensi hiyo mara mbili.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu imekuwa ndefu, nimeitembea miaka kumi na moja na hakuna aliyenisimamisha. Sikupata adhabu. Kazi ilikuja, nilijulikana kuwa mtu mwaminifu, watu waliniachia funguo za nyumba zao. Ila tangu hapo sijapata rafiki wa benchi. Wapo waliotaka. Nilikuwa nawaonea haya. Na makasha niliendelea kuyapanga juu ya kabati, ukadhani baba anapenda vitu vyake. Sikuweza kuyagusa. La grinda lipo chini kabisa, na ile mashine imo ndani, haijawahi kutoboa hata kijiti tangu siku ile.

Mama yako nimemweleza Alhamisi. Ukimwona amenuna usidhani ni kwa sababu ya safari yako tu. Aliniuliza jambo moja: kama Ocen ndiye aliyemkimbiza hospitali siku ulipozaliwa, hayo ndiyo malipo niliyomlipa? Hajaniongelesha sawasawa tangu hapo.

Basi kuhusu kasha lako, mimi nasema liache, uweke viatu. Chukua msumari, uchome moto mpaka uwe mwekundu, andika jina lako ubavuni mwa drili kwa mkono wako. Kila jioni kabla hujafunga kazi, igeuze usome. Mlinzi wa getini akikusumbua mwonyeshe risiti. Na siku mtu atakaposimama mbele yako akakuuliza swali la kipuuzi kama "Basi yangu iko wapi?", acha kila kitu umtafutie jibu. Sikuambii hivi kwa sababu nina hekima. Nakuambia kwa sababu niliulizwa nikakaa kimya.

Limebaki moja. Uliponiambia mwezi uliopita kwamba kazi umepata na ni Gulu, nililala macho. Nilitafuta namba ya Ocen kwa mafundi wa huko, na Jumatano nilimpigia. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kipande cha mbao nisije nikapotea. Nilimweleza yote: mvua, kasha la grinda, siku kumi na saba, mama yake. Nilimwambia kwamba mashine yake iko kwangu.

Nilisikia akizima mashine upande wake. Kisha akasema, "Mashine? Mimi nilinunua ingine, zamani." Na baadaye, "Wanjala, mimi najua."

Nikamuuliza anajua nini.

"Siku ile kwa mlango. Mimi naona drili juu ya meza yako. Yako bado iko polisi. Sasa ile ni ya nani?"

Nikauliza tu kwa nini hakupiga kelele, kwa nini hakuwaonyesha watu.

"Watu walikuwa tayari na mawe," akasema. "Mimi nikisema, watageukia wewe. Na mtoto anasimama pale katikati, anaangalia."

Nikalia, Nekesa. Nililia kwenye simu na yeye akaningoja nimalize. Nilimwambia unakuja Gulu, kwamba huna mtu huko. Akauliza umefika umri gani, na kama unajua. Nikasema hujui. Akasema, "Ambia yeye kwanza. Mimi hapana taka mtoto aingie kwangu na ile jina bado kwa kichwa yake. Ukishaambia, mimi nitakuja pale basi anasimama. Bibi yangu atapika."

Nikamuuliza kama naweza kukusindikiza, nifike nimwombe msamaha uso kwa uso.

"Mtoto akuje," akasema. "Wewe hapana."

Nilimwahidi nitakuambia. Nimekuambia.

Baba yako,
Wanjala